Chuma Kikuukuu: Kiuzwe au Kitunzwe?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa Kisumu, yameandikwa hapa kwa ajili ya wenzetu waliokuwa zamu siku ile.)



Tumepewa nafasi ya kusema maneno machache, nasi tutasema juu ya jambo ambalo wengine watadhani si la chama. Siku hizi wakuu wa jiji letu wanafikiri mambo mawili. La kwanza ni kuzigeuza taka ziwe mali. La pili ni kuwavuta wageni waje kutazama mambo ya kale ya Kisumu na ya ufuko huu wa Ziwa. Mtasema, mishahara haimo humo, wala saa za kazi. Subirini kidogo, mtaona kwamba vyote vimo.

Tuanze na taka. Kazi hii si ngeni kwetu. Viwanda vya samaki vilipoanza kukata minofu ya mbuta na kuipeleka Ulaya, mji uliachiwa kichwa na mifupa. Akina mama wa Obunga hawakungoja baraza lolote likae. Waliikaanga, wakaiuza, na watu wakaiita mgongo wazi. Watoto wengi wamesomeshwa kwa mgongo wazi. Mafundi wa jua kali nao huchukua pipa lililotoboka wakatoa jiko. Hata gugu maji, lililotuziba Ziwa tangu miaka ya 1990, limesukwa likawa viti na vikapu.

Lakini tazameni pia upande wa pili. Kwa miaka mingi jaa la Kachok lilikuwa katikati ya mji, karibu na uwanja wa michezo, likifuka moshi. Baada ya 2017 serikali ya kaunti ilianza kazi ya kulihamisha. Jambo jema. Swali letu ni hili: na wale waliokuwa wakichambua jaa lile kwa mikono mitupu, nani aliwauliza neno? Mwokota taka huinama tangu alfajiri, hana glavu wala viatu vya kazi, na jioni mnunuzi humpimia kwa mizani ambayo mwenyewe haruhusiwi kuitazama. Huyo ni mfanya kazi kama sisi, ila hana chama.

Sheria ya taka ya 2022 yasema taka zitengwe tangu nyumbani, na kila kaunti iweke mahali pa kuzichambua. Basi mahali hapo pakijengwa, watakaoajiriwa wawe kwanza wale wanaoijua kazi. Isiwe taka zikiwa uchafu ni za maskini, zikiwa mali ni za tajiri.

Sasa mambo ya kale. Mgeni akija hapa huambiwa kwamba reli ilifika Ziwani Desemba 1901, na kwamba mahali hapa paliitwa Port Florence kwa jina la mke wa mhandisi Preston. Ni kweli. Lakini je, huambiwa habari za mikono? Zaidi ya vibarua 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kuijenga njia ile, na karibu 2,500 walikufa. Meli iitwayo William Mackinnon ilishuka majini hapa mwaka 1900, kabla reli haijafika. Ilifikaje? Ilikuja vipande vipande, na vipande hivyo vilibebwa na wapagazi vichwani kutoka pwani. Majina ya wapagazi hao hakuna ayajuaye.

Baadaye meli nyingine ziliungwa papa hapa, na Victoria ilianza safari mwaka 1961. Gati, karakana na nyumba za wafanya kazi wa reli ni kitabu cha jasho la baba zetu. Na huko Rusinga ndipo alipozikwa Tom Mboya, aliyeongoza shirikisho la vyama vya wafanya kazi kabla ya Uhuru, akauawa Julai 1969. Mgeni anayefika Kit Mikayi, au Thimlich Ohinga iliyoandikwa na UNESCO mwaka 2018, afike Rusinga pia, aambiwe kwamba haki za wafanya kazi wa nchi hii hazikuanguka kutoka mbinguni.

Ndugu, mambo haya mawili, taka na kumbukumbu, yanakutana mahali pamoja, napo ni chuma kikuukuu. Behewa lililokufa ni nini? Kwa mnunuzi wa vyuma chakavu ni kilo kadha wa kadha. Kwa mtoto wa shule ni somo. Hawezi kulipata somo hilo baada ya tanuri.

Tuchukue mfano. Mwaka 1955 na 1956 zilikuja injini 34 za mvuke za daraja la 59, zilizotengenezwa Manchester, kila moja ikiwa na jina la mlima. Katika reli ya upana wa mita moja hazikuwa na mwenziwe duniani kwa nguvu. Zilipomaliza kazi zilikatwa zikauzwa, zikabaki mbili tu. Mojawapo, Mount Gelai, imesimama katika jumba la makumbusho ya reli lililofunguliwa Nairobi mwaka 1971, na mpaka leo watu hulipa kiingilio kuitazama. Zile 32 zililipa mara moja, na fedha zake zimekwisha kuliwa zamani. Hatusemi kila chuma kitunzwe. Twasema mtu achague kwa akili kabla ya kukata.

Na hapa yafaa tujiseme wenyewe. Mwaka mmoja sisi wa njia tulifika mahali asubuhi tukakuta mataruma ya chuma yameng'olewa, reli yaning'inia kama kamba ya nguo. Tulisimama pale tukihesabu dakika za treni inayokuja, na mmoja wetu alikimbia mbele na bendera nyekundu mpaka akaanguka kwa kuchoka. Treni ilisimama. Tulipouliza, tuliambiwa ni wezi wa mtaani. Lakini msumari wa reli haung'oki kwa mkono mtupu. Aliyeung'oa alikuwa na chombo cha kazi, naye alijua saa ya zamu. Ndugu, mlango ule ulifunguliwa kutoka ndani. Tulijua, tukanyamaza, kwa sababu mshahara ulikuwa umechelewa na kila mtu alimwonea mwenzake huruma. Huruma ile ingaliua watu.

Januari 2022, baada ya nguzo za umeme kuanguka na nchi kuingia gizani, serikali ilizuia biashara ya vyuma chakavu, kisha baada ya miezi michache ikairuhusu tena kwa masharti. Kwa siku zile hata mwokota makopo asiye na hatia alilala njaa. Mwizi mmoja huwafungia mlango wanyofu mia.

Kwa hiyo twaomba chama kiwapelekee wakuu wa jiji na wa kaunti maneno haya manne:

1. Orodha ya vyombo vya kale vya reli na meli hapa Kisumu iandikwe, na kisiuzwe kitu kabla wafanya kazi hawajaulizwa.

2. Waokota taka wapewe vifaa vya kazi na mizani ya wazi, nasi tuwasaidie kuunda umoja wao.

3. Wazee wetu waliostaafu wawe ndio waongozaji wa wageni, tena kwa malipo. Wao wanajua kila kona ya gati.

4. Mshahara ulipwe siku yake, ili asiwepo mtu wa kusema njaa ilimtuma kung'oa reli.

Nasi tujifunge kwa neno la tano, lisilohitaji barua: atakayeuza chuma cha njia tusimfiche tena.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Treni ya abiria ilirudi Kisumu Desemba 2021, na wageni wanakuja. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba mwenyeji naye anapona.

Umoja ni nguvu.