Waliotandika Vitanda vya Outspan

(Hotuba ya sherehe za Jamhuri, Desemba 12)



Mwaka huu zamu ya kusimulia habari za nyumbani imetuangukia sisi watu wa Nyeri. Tungeweza kusema juu ya kahawa au chai, lakini tumechagua hoteli. Sababu ni kazi yetu. Sisi wauguzi tunapowaogesha wazee wa nchi hii huulizwa tunatoka wapi. Ukitaja Nyeri, wengi hawajui. Lakini mara kwa mara mzee aliyekuwa skauti utotoni huinua kichwa na kusema, "Alikozikwa Baden-Powell!" Halafu anakueleza mji wako. Nasi husimama na taulo mkononi, tukisikiliza habari za kwetu kutoka kwa mtu asiyewahi kufika.

Basi tuanze na alichokijua mzee huyo. Hoteli inaitwa Outspan. Watoto, kwetu mtu akisema anaenda hoteli mara nyingi anaenda kunywa chai na mandazi. Hii ilikuwa hoteli ya kulala. Ilifunguliwa mwaka 1928 na Mwingereza Eric Sherbrooke Walker na mkewe Bettie, binti wa kabaila. Jina lenyewe ni la Afrika Kusini: ni pale msafiri anapowafungua maksai nira ili wapumzike. Mwaka 1932 wakajenga kibanda juu ya mti mkubwa katika msitu wa Aberdare, wageni wakae huko usiku wakiwatazama ndovu na vifaru wakija kunywa maji. Ndiyo Treetops. Mti huo ulikuwa mugumo. Wazee hapa wanajua mugumo ni mti wa aina gani kwa Mgikuyu: chini yake ndipo watu walipotoa sadaka na kuomba mvua.

Walker aliwahi kuwa katibu wa Baden-Powell, mwanzilishi wa uskauti. Mwaka 1938 mzee huyo alijengewa nyumba ndogo katika uwanja wa hoteli, akaiita Paxtu, kwa kuwa nyumba yake ya Uingereza iliitwa Pax Hill. Alifariki humo Januari 1941, akazikwa Nyeri akitazama Mlima Kenya. Na Februari 1952 binti mfalme Elizabeth alilala Treetops usiku ule ule ambao baba yake alifariki Sandringham. Alipanda mti akiwa binti mfalme, akashuka akiwa malkia. Hilo nyote mmelisikia hapa shuleni, hasa alipofariki.

Sasa tuje upande wa jikoni.

Babu yetu alikuwa dobi wa wageni wa hoteli za aina hiyo. Shuka alizitia wanga, akazinyoosha kwa pasi ya makaa hadi zikasimama kama karatasi. Shingoni alivaa kipande ndani ya kikopo cha chuma, maana Mwafrika hakuruhusiwa kutembea bila kipande. Aliitwa "boi" hata alipokuwa na mvi. Wakati huo mtu kama yeye angeingia hoteli ya wazungu kwa mlango wa nyuma tu, na kitanda alichokitandika hangeweza kukilalia hata kwa pesa yake.

Miezi minane baada ya usiku ule wa Treetops, Oktoba 1952, serikali ilitangaza hali ya hatari. Msitu uleule wa ndovu ukawa makao ya wapiganaji wa Mau Mau. Mwaka 1954 waliichoma Treetops. Hii ya sasa ilijengwa upya 1957. Dedan Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa nje ya msitu huo Oktoba 1956, akapelekwa hospitali ya Nyeri, akahukumiwa katika mji huohuo, na kunyongwa Kamiti Februari 1957. Sisi wauguzi hapo huwa tunajiuliza: nani alimfunga kidonda? Nani alimpa maji? Mji mdogo ule ulikuwa na hoteli yenye bustani inayotazama mlima, na katika wadi mtu anayetibiwa ili afike mahakamani.

Msidhani watu walikuwa upande mmoja. Nyumba moja ingeweza kuwa na mtu msituni, mtu katika Home Guard, na mtu anayefua shuka za wageni ili watoto wote wa nyumba hiyo wale. Kwetu ilikuwa hivyo. Ndiyo maana babu hakusimulia. Ukimuuliza ya miaka ya hamsini, alikuuliza kama umekunywa chai.

Na sisi hatukumsukuma. Tulikuja huku kusomea shahada ya uuguzi, tukilala saa nne kwa siku kati ya darasa na zamu ya usiku. Babu alifariki tukiwa mwaka wa pili. Nauli haikuwepo, na makaratasi yetu yalikuwa ofisini yakingoja muhuri. Tulimlilia kwa simu. Jina la aliyejenga hoteli tunalo, mwaka tunao, hata jina la nyumba ya mgeni wake tunalo. Jina la mpishi aliyepika siku ile binti mfalme alipofika hatulijui, na huenda mjukuu wake ameketi humu ukumbini.

Hatusemi mtu akienda Nyeri asipige picha Paxtu. Tulipiga, na chai ya pale pembeni mwa bustani ni tamu. Lakini tulipokuwa tukiinywa tulimtazama kijana aliyetuletea, tukamuuliza babu yake alifanya kazi gani. Alicheka. Akasema, "Hapahapa, mama. Kwenye bustani."

Sasa, kabla ya keki. Pale mlangoni, karibu na sufuria ya pilau, kuna daftari la kijani na kalamu. Kila mzee aliyefanya kazi hotelini, shambani kwa mzungu, relini au hospitalini kabla ya 1963, au mwenye mzazi aliyefanya, aketi hapo na mtoto mmoja. Mzee aseme, mtoto aandike. Kiswahili kikimshinda mtoto, aandike kwa Kiingereza, tutatafsiri sisi. Tumeanza ukurasa wa kwanza kwa jina la babu na kazi yake. Mstari wa pili uko wazi.