Faini ya tribinali: nani anailipa, na inalipwa wapi?

Maongezi mbele ya familia zilizohama makwao na wakuu wa kambi



Ninataka tuongee juu ya pesa za tribinali, maana zinagombanisha majirani hata baada ya kesi kwisha.

Tuchukue mfano. Vijana wawili wanapigana kwenye bomba la maji, mmoja anavunjwa jino. Tribinali inamhukumu aliyepiga. Katika hukumu munaweza kukuta pesa za aina tatu. Faini, ile tunayoita amande, ni ya Serikali. Gharama ni za kazi ya kesi. Malipo ya hasara ndiyo ya yule aliyeumizwa. Watu wanazichanganya. Aliyevunjwa jino anaona mwenzake amelipa, yeye hakupata hata franka moja, anasema: “Wamekula pesa yangu!” Na ugomvi unaanza upya. Wakuu, someni hukumu mbele ya pande zote mbili.

Na asiyelipa faini? Kitabu cha makosa na azabu cha Kongo, cha mwaka 1940, kilichobadilishwa mara nyingi, kinampa siku nane. Zinahesabiwa tangu hukumu kama alikuwapo; kama hakuwapo, tangu siku aliyoletewa hukumu hiyo. Zikipita, anaweza kufungwa badala ya faini. Muda wa kifungo unaandikwa na hakimu ndani ya hukumu yenyewe, na haupite miezi sita. Akilipa akiwa gerezani, anatoka. Lakini hawezi kusema: “Nifungeni, mali yangu muiache.” Sheria inamkatalia kuchagua hivyo. Kwa gharama na malipo ya hasara vilevile kuna kifungo cha kumsukuma mtu alipe, nacho kinatokana na hukumu, si na hasira ya mtu fulani.

Sasa hapa mutege masikio. Kijana amekimbia, wanakuja kambini wanamkamata mama yake, au wanabeba mbuzi wa mjomba. Hapana! Katiba ya mwaka 2006, kifungo cha 17, inasema kosa ni la mtu mwenyewe. Hakuna anayeweza kukamatwa wala kufungwa kwa tendo la mwingine. Familia ikipenda kuchanga ili kumsaidia mtoto wao, hayo ni mapenzi yao. Kuilazimisha ni jambo lingine. Mkuu anayeonyesha nyumba ya mama ili akamatwe badala ya mwanawe anajitia katika makosa.

Pesa haitolewi njiani, wala kwa askari anayesema atakufikishia. (Munawajua.) Nendeni na karatasi ya hukumu kwa karani wa tribinali, yule grefiye, awaonyeshe pa kulipia, na musirudi bila risiti. Iandikwe jina, namba ya hukumu na kiasi. Risiti hiyo muitunze pamoja na kadi ya uchaguzi, hata mukikimbia tena.

Kwa sisi tuliohama kuna shida nyingine. Mtu anaweza kuhukumiwa kule alikotoka, naye yuko hapa, hana habari. Akiletewa karatasi ya namna hiyo, asiitupe wala asijifiche. Aende mara moja kwa grefiye aulize siku za kuipinga ni ngapi, maana ni chache na zinahesabiwa. Asiyejua kusoma amwombe mtu anayemwamini amsomee siku hiyohiyo.