Polisi Ina Mikono Mitatu: Ujue Ni Upi Uliokushika

Maneno yaliyosemwa mbele ya wafanyakazi wa machimbo na wakaaji wa mji wa Bukavu. Tunayachapa kwa ajili ya wale wasioweza kufika.

Wandugu wafanyakazi, na ninyi mama na baba wa Ibanda, Kadutu na Bagira,

Leo hatukuja kusema juu ya mishahara wala juu ya bei ya unga. Tumekuja kusema juu ya polisi. Mtu asiyejua namna polisi inavyopangwa hushikwa mara mbili: mara ya kwanza na askari, mara ya pili na ujinga wake mwenyewe.

Tuanze na wazee wetu. Wakati wa Wabelgiji, Force Publique ilikuwa jeshi na polisi pamoja. Huko kwenye territoire, Bwana Administrata alikuwa mpelelezi wa makosa, ndiye aliyekaa kiti cha hakimu katika baraza la polisi, na buloko nayo ilikuwa chini yake. Mwenye kukamata, mwenye kuhukumu na mwenye kufunga alikuwa mtu mmoja. Tena amri ya tarehe 16 Machi 1922 ilifanya kuvunja mkataba wa kazi kuwa jambo la kufungwa. Mchimbaji wa dhahabu aliyeacha kazi kabla ya siku zake aliweza kutafutwa kama mwizi. Mzee huyo angelia kwa nani? Mlango ulikuwa mmoja tu, na aliyemfunga ndiye aliyekuwa mlangoni.

Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960, lakini mambo hayakunyooka siku moja. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu iliivunja polisi ikaiingiza katika Jandarmeri, na raia akarudi kuchungwa na watu wa jeshi. Ilichukua miaka mingi kuitoa tena. Katiba ya mwaka 2006 inasema katika kifungu cha 183 kwamba polisi haina siasa, inatumikia taifa, wala mtu yeyote hana ruhusa ya kuigeuza iwe chombo chake. Kisha sheria ya tarehe 11 Agosti 2011 ikaipanga Polisi ya Taifa ya Kongo katika kazi tatu. Sisi tunaziita mikono mitatu.

Mkono wa kwanza ni wa ulinzi. Hao ndio mnaowaona kila siku: askari wa doria, askari wa barabara wenye kusimamisha magari, na kundi la kutuliza fujo. Kazi yao ni kuzuia ubaya kabla haujatendeka. Wakimkuta mwizi na mali mkononi watamshika, lakini hawana kazi ya kumpeleleza wala kumwandikia kesi. Wanampeleka kwa mkono wa pili.

Mkono wa pili ni wa upelelezi. Hapo yupo yule tunayemwita OPJ. Sikilizeni vizuri: si kila mwenye nguo za polisi ni OPJ. Huyu amepewa ruhusa ya sheria kusikiliza mashitaka, kuhoji mashahidi, kukamata vitu vya ushuhuda na kuandika yote katika karatasi iitwayo prosè-verbal. Na katika kazi hiyo bwana wake ni parke, yaani magistra wa serikali. Parke ndiyo inayoongoza upelelezi, na parke ndiyo yenye kukagua buloko za polisi. Kwa hiyo aliyekamata si aliyehukumu. Hilo ndilo jambo ambalo wazee wetu hawakulipata.

Mkono wa tatu hamuuoni, nao ni wa msaada na usimamizi: mishahara, mafundisho, magari, mafuta, radio, hata karatasi na kalamu. Wengi hudhani hiyo ni kazi ndogo. Sivyo. Askari asiyelipwa hutafuta mshahara wake barabarani. Mpelelezi asiye na mafuta humwambia aliyeibiwa, «Lete pesa ya pikipiki, nitafika». Asiye na karatasi humwambia, «Nunua karatasi». Mkono wa tatu ukikauka, ile miwili inaanza kula raia. Basi tukidai polisi njema, tusidai tu adhabu kwa askari mbaya. Tudai na ofisi yake ipewe vyombo vya kazi.

Tuchukue mfano. Gunia la madini limeibiwa usiku katika depo. Mwenye mali anapiga kelele, doria inakuja. Mwizi amekimbia, lakini mke wake yuko nyumbani. Askari mmoja anasema, «Tumfunge mama, mume atajitokeza». Je, ni sheria? Hapana. Kifungu cha 17 cha Katiba kinasema kila mtu hubeba kosa lake mwenyewe, na mtu hawezi kukamatwa kwa tendo la mwingine. Mama huyo anaweza kuulizwa kama shahidi, si kufungwa kama rehani.

Kesho yake mwizi anapatikana. Kifungu cha 18 kinasema aambiwe papo hapo sababu ya kukamatwa kwake, kwa lugha anayoisikia. Ana haki ya kuonana mara moja na jamaa yake au na avoka wake. Na polisi haiwezi kumweka zaidi ya saa 48. Saa hizo zikiisha, aachiliwe au apelekwe mbele ya wenye kuhukumu. Hata mwizi, wandugu. Tukikubali mwizi aozee humo siku kumi, siku ya kumi na moja atakuwamo mtoto wetu.

Tena kuna vikosi vyenye kazi yake maalum. Kiko cha polisi ya machimbo. Kazi yake ni kulinda mahali pa madini. Si hakimu wa wachimbaji. Mchimbaji akigombana na mnunuzi wa madini juu ya deni, hilo ni jambo la mapatano yao, la kupelekwa mbele ya baraza. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1966, ambao nchi yetu imeukubali, unakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mapatano.

Na kiko kikosi cha kulinda wanawake na watoto. Bukavu inajua kwa nini kilihitajika, na dunia nzima inajua habari za hospitali ya Panzi. Sheria mbili za tarehe 20 Julai 2006 zilikaza mambo ya ubakaji: OPJ akipokea shitaka, ana saa 24 kumjulisha magistra; upelelezi wa kwanza usipite mwezi mmoja; na kesi hiyo haizimwi kwa kulipa faini ofisini. Kwa hiyo wakisema familia mbili zimepatana, mbuzi wametolewa, mambo yamekwisha, jueni kwamba mbele ya sheria hayajakwisha.

Sasa mtatuambia: «Mnaeleza nyumba nzuri, lakini nyumba hiyo iko wapi?» Ni swali la haki. Hata kabla ya vita tuliwaona waliokaa buloko siku nyingi bila kuona magistra. Na mwezi wa Februari 2025, M23 ilipoingia Bukavu, mpango wote huu ulivunjika katika mji wetu. Hatutawadanganya kwamba kujua vifungu kunazuia risasi.

Lakini kipimo hakivunjiki pamoja na nyumba. Fundi aliye na kipimo hujua ukuta uliopinda, hata kama hakuujenga yeye. Yeyote mwenye bunduki anayesema analinda watu, tumpime kwa maswali manne. Nani amekamata, na ana ruhusa gani? Sababu ni ipi? Saa ngapi zimepita? Ni nani mwingine, asiye yeye, mwenye uwezo wa kufungua mlango? Akiwa anakamata, anahukumu na kufunga peke yake, basi Bwana Administrata amerudi, hata kama ngozi yake ni kama yetu.

Kwa hiyo tunawaomba hivi. Ndugu akikamatwa, andikeni siku na saa, jina la mahali, na sababu iliyotajwa. Jamaa wasikae nyumbani wakilia. Waende pamoja, kwa upole, wakaulize. Pesa isitolewe bila risiti ya serikali. Wenye kujua kusoma wawasomee wasiojua. Karatasi hizo zitunzwe vizuri, maana iko siku hakimu wa kweli atakaa tena kitini, naye atauliza: ushuhuda uko wapi?

Siku hiyo tusimkute mikono mitupu.