GARI LA CHAMA LINAPOKATAA KUBADILI GIA: TUPIME KWANZA, TULIPE BAADAYE

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Mtera



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo kwa kawaida huachiwa dereva na fundi, nalo ni gari la otomatiki linapoanza kusumbua katika kubadili gia. Nimekubali kwa sababu jambo hili si la dereva na fundi peke yao. Siku fundi atakapotamka kwamba gia boksi imekufa, watakaotia sahihi hati ya malipo ni viongozi wa chama, na fedha zitakazotoka ni za mwanachama aliyekesha ziwani akivua au aliyeinama shambani akipalilia alizeti. Ni haki ya mwanachama huyo kwamba fedha zake zisitoke kwa neno la mdomo.

Chama kinachonunua gari la kazi siku hizi mara nyingi hununua la mtumba kutoka Japani: Prado, RAV4, Escudo au X-Trail, ambalo limekwisha kutembea miaka mingi kabla ya kushushwa bandarini Dar es Salaam. Gari hilo huletwa kwetu kufanya kazi ngumu. Ni kweli kwamba barabara ya Dodoma hadi Iringa ilifunguliwa rasmi kwa lami mwaka 2018, lakini lami haikuiondoa milima ya Nyang'oro, wala haikuufikia mchanga wa kando ya bwawa ambako gari huzama na dereva akaendelea kukanyaga mafuta magurudumu yakizunguka bure. Mlima, mzigo na mchanga huipasha moto oili ya gia boksi, na joto ndilo adui yake mkubwa.

Neno langu la leo ni moja: dalili inayoonekana kwenye gia si lazima iwe ugonjwa wa gia boksi. Basi tupime kwa utaratibu, tukianza na kisicho na gharama na kumalizia na chenye gharama kubwa.

Namna gia boksi ya otomatiki inavyofanya kazi

Injini huzungusha pampu. Pampu husukuma oili. Oili hiyo huzungusha tabo iliyomo ndani ya konveta, na kwa shinikizo lake hubana klachi ndogondogo zilizopangwa kwa makundi, kila kundi likihusika na gia zake. Valvu ndizo milango ya kupitishia oili, na katika magari mengi ya tangu miaka ya 1990, kompyuta ndiyo inayoamuru mlango upi ufunguliwe na wakati gani.

Sisi tuliopo Mtera hatuna haja ya mfano wa mbali. Kituo chetu kina mitambo miwili, kila mmoja wa megawati 40, nayo huzungushwa na maji ya bwawa. Maji hayo hayatakiwi kushuka chini ya mita 690 juu ya usawa wa bahari. Ukame ulipoyapunguza, nchi iliingia katika mgawo mkali wa umeme mwaka 2006. Dawa haikuwa kung'oa mitambo na kununua mingine, kwa maana kilichopungua kilikuwa maji. Na gia boksi ndivyo ilivyo. Oili ikipungua, ikichakaa, au milango yake isipofunguka kwa wakati, gia zitasita hata kama vyuma vyote ni vizima.

Hatua za kupima

Hatua ya kwanza ni kuandika malalamiko. Dereva asiseme tu kwamba gari ni bovu. Aandike katika daftari la safari: tatizo hutokea injini ikiwa baridi au ikiwa moto? Kwenye mlima au tambarare? Ni gia ipi inayochelewa? Gari linashtuka kwa kishindo, au linapiga resi bila kuvuta? Haya ni magonjwa mawili mbalimbali. Kishindo mara nyingi huashiria shinikizo lililozidi, amri mbaya ya umeme, au kitu kilicholegea nje. Kupiga resi bila kuvuta huashiria shinikizo pungufu au klachi iliyokwisha.

Hatua ya pili ni oili. Katika magari mengi ya Toyota yenye kijiti cha kupimia, gari lisimamishwe mahali tambarare, oili ikiwa imepata moto, injini ikiunguruma. Dereva akanyage breki, apitishe mkono wa gia katika nafasi zote, kisha arudishe P na kupima. Magari mengine hupimwa kwa namna nyingine, na mengine hayana kijiti kabisa. Hapo kitabu cha gari ndicho kifuatwe. Oili idondoshwe juu ya kitambaa cheupe. Ikiwa nyekundu na angavu, ni njema. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, klachi zimeunguzwa. Ikiwa na rangi ya uji wa maziwa, maji yameingia, mara nyingi kutoka ndani ya rejeta ambamo oili hiyo hupozwa. Gari hilo lisiendeshwe hata hatua moja zaidi.

Hapa natoa onyo. Oili haifanani kwa kuwa tu ni nyekundu. X-Trail zilizotengenezwa tangu mwaka 2007 zenye gia boksi ya mkanda, iitwayo CVT, hutaka oili yake maalumu, na oili ya gia boksi ya kawaida huiharibu. Katibu akinunua oili, risiti itaje aina iliyoandikwa katika kitabu cha gari.

Hatua ya tatu ni vitu vya nje. Prado na ndugu zake wa miaka ya 1990 wana kebo itokayo kwenye akseleta hadi gia boksi. Ikilegea, shinikizo la oili hupungua na gia huteleza; ikikazwa kupita kiasi, gia huingia kwa kishindo. Kuirekebisha ni kazi ya spana na muda mfupi. Vilevile mauntingi zilizokatika na krosi za shafti zilizolegea hutoa kishindo mtu anapoweka D, na gia boksi ikasingiziwa.

Na kuna jambo ambalo mafundi wetu hulifanya kwa nia njema, nalo ni kuitoa thamostati ili injini isichemke. Magari mengi huzuia gia ya mwisho mpaka injini ipate moto wa kutosha. Gari lisilo na thamostati, likipita Iringa asubuhi ya baridi, huweza kukataa gia ya nne safari nzima, na mwenye gari akaambiwa anunue gia boksi. Kabla ya hapo atazame pia kitufe cha O/D. Huenda kimebonyezwa kwa bahati mbaya, na kazi yake hasa ni kuizuia gia hiyo.

Hatua ya nne ni umeme. Taa ya O/D OFF ikianza kuwaka na kuzimika yenyewe, kompyuta imeona kasoro na imeihifadhi kwa namba. Katika Toyota nyingi za miaka ya 1990 fundi huisoma namba hiyo kwa kuhesabu mimweko ya taa: 61 ni kipima mwendo, 62 na 63 ni solenoidi, yaani valvu ndogo za umeme. Magari ya baadaye husomwa kwa mashine. Betri isichomolewe kabla ya kusoma, kwani katika magari mengi kumbukumbu hufutika na ushahidi ukapotea.

Msidharau hatua hii. RAV4 za mwaka 2001 hadi 2003 zilizouzwa Marekani zilipata sifa mbaya kwa kubadili gia kwa kishindo. Ilionekana kwamba kasoro ilianzia katika kompyuta ya injini, na Toyota yenyewe ikaongeza muda wa dhamana. Aliyebadilisha gia boksi na kuiacha kompyuta ile ile aliurudisha ugonjwa ule ule katika gia boksi mpya.

Hatua ya tano ni kipimo cha muda. Gari likiwa moto, tambarare, breki ya mkono imevutwa na breki ya mguu imekanyagwa, na hakuna mtu mbele wala nyuma, fundi atoe N aweke D, ahesabu mpaka gari litikisike kidogo kuonyesha gia imeshika. Kwa gia boksi nyingi za Toyota za miaka hiyo muda usizidi sekunde 1.2, kutoka N kwenda R usizidi sekunde 1.5. Ukizidi, shinikizo ni dogo au klachi zimelika. Fundi mwenye geji athibitishe kwa kupima shinikizo lenyewe.

Hatua ya sita, na ndiyo ya mwisho kabla ya kushusha gia boksi, ni kufungua sampo yake. Unga mwembamba kwenye sumaku ni wa kawaida kwa gari lililotembea. Vipande vya chuma na magamba meusi ya klachi si vya kawaida. Hapo ndipo tunapoweza kusema kwa haki kwamba gia boksi imeumia.

Wajibu wa katibu na bodi

Gia boksi kufa hutokea, na sikuja kuwaambia kwamba mafundi wote ni waongo. Nasema fundi mkweli hataona vibaya kuandika alichokiona. Kabla ya malipo, jalada la gari liwe na maelezo ya dereva, hali na aina ya oili, namba zilizosomwa, vipimo vya muda na shinikizo, na bei kutoka gereji mbili. Kifaa kilichotolewa kirudishwe chamani. Mkaguzi wa hesabu akija, jalada litazungumza hata kama katibu amehamishwa.

Ikiamuliwa kununua gia boksi ya mtumba, namba yake ilingane na ya gari, muuzaji aandike dhamana, na mabomba ya kupozea oili yasafishwe, kwani uchafu wa ile ya zamani huiua mpya. Bodi pia ijiulize kama gharama inalingana na thamani ya gari lenyewe. Pengine ni busara zaidi kuliuza na kutafuta gari la gia za mkono ambalo mafundi wa karibu wanalimudu. Uamuzi wowote uandikwe katika muhtasari wa mkutano.

Jambo la mwisho ni la dereva. Gari la otomatiki likikwama njiani, lisivutwe kwa kamba kwenda Dodoma magurudumu yanayoendesha yakiwa chini. Injini ikizimwa, pampu hailishi oili, na vyuma husagana vikavu. Lipakiwe juu ya lori. Kodi ya lori hulipwa mara moja. Gia boksi iliyosagwa kwa kuvutwa italipwa na mavuno ya msimu ujao.

Ndugu wanachama, ulizeni juu ya gari lenu katika mkutano mkuu kama mnavyouliza juu ya mizani na bei ya mazao. Nanyi makatibu, jibuni kwa karatasi.

 Ushirika hoyee!