Pindo la Shuka ya Viraka



Yasimuliwa ya kuwa katika karne ya 19 wanawake wa pwani walishona leso sita pamoja zikawa nguo moja. Ndipo ikatokea kanga, yenye mji katikati na pindo pande zote nne. Basi kuunga vipande si kazi ngeni kwetu.

Hapa Msamvu mafundi hubakiza vipande vya vitenge, na huko juu Uluguru watoto huona baridi usiku. Kwa hiyo nalianza kushona shuka ya viraka yenye pindo la pembetatu. Nalizikata pembetatu kwanza; upande wa mshazari ukavutika, pindo likapinda kama nyoka, nikalifumua lote. Bibi mmoja akaniambia, "Mwalimu, shona kwanza, ndipo ukate."

Fanyeni hivi. Kateni mraba wa inchi 6½, na midogo minne ya inchi 2½. Wekeni mmoja juu ya kila pembe, nyuso zikitazamana. Shoneni kila mdogo kimshazari, mshono uikatishe pembe ya mraba mkubwa. Kisha kateni ncha ya nje, mkiacha robo inchi. Kunjueni, pigeni pasi. Pangeni miraba hiyo kuuzunguka mji wa shuka: ikutanapo miwili, pembetatu mbili huwa moja kubwa.

Kitambaa kilichokwisha kushikwa na uzi hakivutiki ovyo. Nanyi walimu, mshikeni mtoto kwanza kwa upendo, ndipo mumkanye.