Shirley: Jina la Mahali Lililogeuka Jina la Wanawake



Onomastiki, tawi la isimu linalochunguza majina, huuliza maswali mawili: jina limetoka wapi, na nani huitwa kwalo? Jina la Kiingereza Shirley ladhihirisha kuwa majibu yake yanaweza kuachana kabisa.

Kwa asili, Shirley ni jina la mahali kadhaa nchini Uingereza, kikiwamo kijiji kimoja cha Derbyshire. Sehemu yake ya pili ni neno la Kiingereza cha Kale, leah, yaani uwazi msituni. Ya kwanza huhusishwa na scir, lenye maana ya mwangavu. Kutoka mahali, jina likahamia kwenye ukoo, na kutoka ukoo, kwa nadra, likawa jina la wanaume.

Mwaka 1849 Charlotte Brontë alichapisha riwaya yake Shirley. Wazazi wa mhusika huyo walitamani mwana wa kiume; walipopata binti, wakampa jina la kiume la ukoo wao. Wasomaji wa wakati ule waliona ajabu. Wa leo haoni ajabu yoyote, na tofauti hiyo ndiyo kipimo cha mabadiliko yenyewe.

Aghalabu hudaiwa kwamba aliyelieneza jina hili ni Shirley Temple, mtoto mwigizaji wa Marekani aliyepata umaarufu mkubwa mwaka 1934. Tarehe zinalipunguza dai hilo. Mwandishi Shirley Jackson alizaliwa mwaka 1916. Shirley Chisholm, mwanamke mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika Kongresi ya Marekani, mwaka 1968, alizaliwa mwaka 1924. Temple mwenyewe, aliyezaliwa mwaka 1928, alipewa jina lililokwisha kuanza kupanda. Alichofanya ni kulifikisha kileleni: mwaka 1935 na 1936 lilishika nafasi ya pili miongoni mwa majina ya watoto wa kike Marekani, nyuma ya Mary. Baadaye likashuka, kwani jina lililofungamana na kizazi kimoja hugeuka jina la akina mama, kisha la mabibi, na wazazi wapya hulikwepa.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, suala hili lina uzito wa pekee. Kiwakilishi cha Kiingereza hutaja jinsia. Kiswahili hupatanisha majina yote ya watu katika ngeli ya A-WA. Sentensi “Shirley amefika” haidokezi lolote. Hivyo, mfasiri wa Brontë hana budi kuijenga upya, kwa maneno kama binti na bibie, tofauti ambayo Kiingereza huibeba kwa kiwakilishi tu.

Aidha, Amani na Furaha huitwa wanawake na wanaume pia. Jinsia ya jina, basi, haimo katika umbo lake, bali katika mazoea ya jamii, nayo mazoea hubadilika. Mtafiti anayehesabu wanawake katika daftari la zamani kwa kutazama majina peke yake anahesabu mazoea ya zama zake mwenyewe, wala si watu walioandikwa humo.