Nani Anastahili Kupiga Kura? Uingereza, 1832 hadi 1928



Historia ya kura nchini Uingereza husimuliwa mara nyingi kama zawadi iliyotolewa kwa awamu: mwaka 1832 wakapewa hawa, 1867 wale, 1918 wengine. Jioni hii nitaisoma kwa upande wake wa pili. Kila sheria iliyoongeza wapiga kura iliamua pia nani abaki nje, na sifa za kumweka nje zilitungwa na wale waliokwisha kuingia.

Kabla ya 1832, kilima cha Old Sarum kusini mwa Uingereza hakikuwa na mkazi, lakini kilikuwa na wabunge wawili. Manchester, mji wa viwanda wenye watu zaidi ya laki moja, haukuwa na mbunge wake hata mmoja. Agosti 16, 1819, makumi ya maelfu ya watu walikusanyika katika uwanja wa St Peter's Field mjini humo kudai mageuzi. Askari wa farasi wakawavamia kwa panga. Zaidi ya watu kumi wakafa na mamia wakajeruhiwa. Oktoba 1831 Bunge la Malodi lilipoukataa muswada wa mageuzi, Bristol na Nottingham ziliwaka moto. Mwaka uliofuata serikali ya Lodi Grey ikafanikiwa kuupitisha.

Sheria hiyo ilifuta majimbo hewa kama Old Sarum na kuipa miji mipya wabunge. Mijini, kura ilikwenda kwa mwanamume aliyeishi katika nyumba yenye thamani ya kodi ya pauni 10 au zaidi kwa mwaka. Wafanyakazi wengi waliojaza mikutano ya kudai mageuzi hawakuufikia mstari huo. Wanawake nao sasa walizuiwa kwa maandishi, maana sheria ilitaja wanaume waziwazi.

Mtazameni mwanasiasa mmoja, Thomas Babington Macaulay. Mwaka 1831 alisimama bungeni akautetea muswada kwa ufasaha, akiwaonya wenzake kwamba kukataa mageuzi ni kuchochea mapinduzi. Sheria ilipopita, akachaguliwa kuwa mbunge wa Leeds, mmoja wa miji iliyopata uwakilishi kwa mara ya kwanza. Miaka kumi baadaye wafanyakazi walikuja na Hati ya Watu, waraka wa mwaka 1838 uliodai mambo sita: kura kwa kila mwanamume, kura ya siri, majimbo yenye uzito sawa, mishahara kwa wabunge, kufutwa kwa sharti la mali kwa wagombea, na uchaguzi kila mwaka. Mei 1842 maombi yao yalifikishwa bungeni yakiwa na saini zaidi ya milioni 3. Bunda la karatasi lilikuwa kubwa hata halikupita mlangoni. Ikabidi lifumuliwe, liingizwe vipande vipande. Macaulay akasimama tena, safari hii kupinga. Kura kwa wote, alisema, itahatarisha mali, na bila usalama wa mali hakuna ustaarabu. Wabunge 49 walikubali waombaji wasikilizwe, 287 walikataa. Mtetezi wa mageuzi alikuwa amekwisha kupata aliyoyataka.

Waliokataliwa walilipa gharama. William Cuffay, mmoja wa watetezi wa Hati hiyo na fundi cherehani wa London ambaye baba yake alizaliwa utumwani katika kisiwa cha St Kitts, alihukumiwa mwaka 1848 na kupelekwa uhamishoni Tasmania, alikofia. Lakini kati ya madai yale sita, matano yalikuja kuwa sheria. Uchaguzi wa kila mwaka pekee ndio uliosahaulika.

Kura ya siri inastahili maelezo zaidi. Zamani mpiga kura alitamka jina la mgombea wake hadharani, na chaguo lake likaandikwa kitabuni. Mwenye shamba alisikia, na mwenye kiwanda alisoma. Baada ya uchaguzi wa 1868, baadhi ya wakulima wapangaji huko Wales walifukuzwa mashambani kwa sababu ya kura zao. Sheria ya 1872 ilimaliza utaratibu huo. Agosti 15 mwaka huohuo, katika uchaguzi mdogo wa Pontefract, watu walitumbukiza karatasi ndani ya sanduku lililofungwa kwa lakiri. Muhuri uliotumika juu ya lakiri hiyo ulikuwa wa kiwanda cha peremende nyeusi cha mjini hapo.

Wanawake waliendelea kusubiri. Mwaka 1867 mbunge John Stuart Mill alipendekeza wahesabiwe sawa na wanaume. Akashindwa kwa kura 196 dhidi ya 73. Baada ya miongo ya maombi, maandamano na vifungo, sheria ya 1918 iliwapa kura wanaume wote wa miaka 21. Wanawake waliwekewa miaka 30 pamoja na sharti la mali, ili wasije wakawazidi wanaume kwa wingi. Usawa ulifika Julai 1928, wiki chache baada ya kifo cha Emmeline Pankhurst, aliyeupigania hadi gerezani.

Mambo haya yanatuhusu. Waingereza walipiga marufuku kwao kura zaidi ya moja kwa mtu mwaka 1948. Mwaka 1957, chini ya utawala wao, Mwafrika wa Kenya alipimwa kwa elimu, mali na utumishi, na mmoja aliweza kupewa hadi kura tatu huku jirani yake akikosa hata moja. Tanganyika, mwaka 1958, kipimo kilikuwa elimu, cheo au mapato ya pauni 150 kwa mwaka, pamoja na masharti ya kura tatu, yaani kila mpiga kura amchague Mwafrika, Mzungu na Mwasia, yaliyozua mjadala mkali katika mkutano wa chama cha TANU huko Tabora. Hoja za Macaulay zilikuwa zimevuka bahari.

Ndugu zangu, mtu akiwaletea sifa mpya ya mpiga kura, iwe ya elimu, kitambulisho au makazi, msianze kwa kuuliza kama inaonekana ya busara. Ile ya pauni 10 nayo ilionekana ya busara. Ulizeni nani ameitunga, na nani hatalikuta jina lake daftarini.